Kwa Baiskeli Kwenye Vilima vya Basilicata: Mwongozo Kamili wa Siku Nne, Matera Hadi Metaponto

Kabla hujatazama barabara za Basilicata, tazama mito yake. Mkoa huu uko kusini mwa Italia, nchi yenye umbo la kiatu kwenye ramani, pale kwenye uvungu wa unyayo wake, kati ya Puglia, Campania na Calabria. Mito mitano inaukata sambamba ikielekea kusini-mashariki hadi Bahari ya Ionia: Bradano, Basento, Cavone, Agri na Sinni. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa vilima. Barabara inayofuata mgongo hupanda na kushuka kwa kiasi. Barabara inayoukata hukushusha hadi mtoni, kisha ikakupandisha mita mia kadhaa upande wa pili. Anayelijua hilo hupanga safari kwa utulivu. Asiyelijua huona kwenye ramani kwamba mji unaofuata uko karibu, halafu jua linamzamia akiwa bado bondeni.

Jambo la pili ni kwamba miji yote ya kale iko juu. Malaria ilitawala mabonde ya huku mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na wavamizi nao walipita bondeni, kwa hiyo watu walijenga vileleni wakawa wanashuka kulima. Sisi tuliokulia chini ya chandarua hatuhitaji maelezo marefu hapo. Kwako wewe wa baiskeli, maana yake ni kwamba karibu kila jioni kitanda chako kitakuwa mwisho wa mlima. Weka akiba ya nguvu kwa ajili ya mlima huo, na usiiguse mchana.

Njia ninayoieleza inaanzia Matera na kuishia Metaponto, siku nne, kama kilomita 260 hadi 280. Si njia ya mashindano. Ni ya mtu mwenye afya ambaye amezoea kukaa kwenye tandiko saa nne au tano na amewahi kupanda milima.

Chagua msimu kwanza

Nenda kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Juni, au Septemba hadi katikati ya Oktoba. Mimi napendekeza Mei bila kusita: ngano bado ni ya kijani, maua yamejaa kandokando ya barabara, na jua linazama baada ya saa mbili usiku. Ukitoka nchi za ikweta, ambako saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili mwaka mzima, jambo hili litakushangaza na kukusaidia. Katikati ya Oktoba, kwa upande mwingine, giza linaingia kama saa kumi na mbili na robo jioni, kwa hiyo toka mapema.

Julai na Agosti achana nazo. Joto la bondeni hufika nyuzi 40, na eneo la Aliano na Craco halina kivuli. Tena kuzunguka tarehe 15 Agosti, sikukuu wanayoiita Ferragosto, nchi nzima iko likizoni, maduka yamefungwa na vyumba vimejaa. Majira ya baridi theluji huanguka kwenye miji ya juu kama Pietrapertosa na Stigliano.

Andaa baiskeli kwa ajili ya kupanda

Gia ndizo zitakazoamua kama utafurahia au utateseka. Unahitaji gia nyepesi ambayo idadi ya meno mbele inalingana na ya nyuma, yaani 34 kwa 34, au nyepesi zaidi kama umebeba mizigo. Fanya hesabu: kwa 34 kwa 34, mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu mara moja, karibu mita 2.1. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kama kilomita 7.6 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi halisi ya mtu wa kawaida kwenye mlima wa asilimia 8. Kama gia yako nyepesi kabisa ni 39 kwa 25, utalazimika kusimama juu ya pedeli kila kona, na ikifika siku ya tatu magoti yatakataa. Mpe fundi baiskeli akubadilishie kabla ya safari.

Matairi yawe mapana kiasi, milimita 28 hadi 32. Udongo wa huku ni mfinyanzi unaotembea, na lami iliyo juu yake hupasuka, hubonyea na kuinama. Breki zibadilishwe mpira wa kubania kabla ya kuondoka, kisha zijaribu: kwenye baiskeli ya kukodi, mkono wa breki ya mbele unaweza kuwa upande usiouzoea. Beba tyubu mbili, viraka, pampu, kiungo cha cheni na ile pembe ndogo ya kushikia gia ya nyuma inayolingana na fremu yako. Pembe hiyo ikivunjika Accettura, hakuna atakayekuuzia nyingine. Duka la baiskeli litafute Matera. Baada ya hapo jihesabu uko peke yako hadi pwani.

Mizigo isizidi kilo sita. Jezi mbili, koti la mvua, nguo moja ya jioni, na viatu vya kawaida vya kutembelea, kwa sababu miji hii ni ngazi na mawe yaliyolainishwa na karne nyingi za miguu. Viatu vya pedeli vitakuangusha humo.

Kufika Matera

Uwanja wa ndege ulio karibu ni wa Bari, kama kilomita 65 kutoka Matera. Treni ndogo ya Ferrovie Appulo Lucane inaunganisha miji hiyo miwili, lakini Jumapili na sikukuu nafasi yake huchukuliwa na mabasi, kwa hiyo panga kufika siku ya kazi na uulize mapema kuhusu baiskeli. Ukiwa na pasipoti ya Kenya au Tanzania unahitaji viza ya Schengen. Omba miezi kadhaa kabla, si wiki.

Ningeshauri jambo jingine kama una siku ya ziada: panda baiskeli moja kwa moja kutoka Bari kupitia Altamura. Nyanda za Murgia hupanda polepole, na zitakupasha misuli kabla ya vilima vyenyewe. Altamura ina mkate wa ngano ngumu unaolindwa kwa jina na sheria za Ulaya, wa ganda nene na ndani ya manjano. Nunua kipande kikubwa. Haulali haraka, na vipande vyake vitakulisha mpaka kesho yake.

Sheria na tabia za barabarani

Italia wanaendesha kulia. Msomaji wa Rwanda, Burundi na Kongo hana tatizo hapa. Wa Kenya, Tanzania na Uganda ajichunge, hasa nyakati mbili: asubuhi anapoanza kwenye barabara tupu, na baada ya kusimama kupiga picha. Ndipo mwili unarudi kushoto wenyewe. Mimi hubandika kipande cha gundi nyekundu upande wa kulia wa usukani na kukitazama kila ninapoondoka. Kwenye mizunguko magari huzunguka kinyume cha saa, na wewe unayeingia unawapisha waliokwisha kuingia.

Nje ya miji waendesha baiskeli hufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Taa za mbele na nyuma ni lazima gizani, na kizibao cha kung'aa ni lazima kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama, pamoja na ndani ya mahandaki hata mchana. Huku mahandaki yapo, kwa hiyo kizibao kikae juu ya begi, pasiwe na haja ya kukichimbua chini ya nguo. Tangu Desemba 2024 sheria inamtaka dereva anayekupita aache mita 1.5 pale barabara inaporuhusu.

Jifunze rangi za vibao. Kijani ni barabara kuu ya mwendo kasi (*autostrada*), huruhusiwi kabisa. Buluu ni barabara za kawaida kati ya miji, lakini kati yake kuna zile za njia mbilimbili zenye ukuta katikati. Hapa hatari kubwa ni SS407 (SS ni barabara ya kitaifa), iitwayo Basentana, inayofuata bonde la Basento kwa kasi. Programu ya ramani iliyowekwa kwa ajili ya gari itakupeleka huko bila aibu. Tafuta herufi SP, barabara ndogo za majimbo, na SS za zamani zilizoachwa na malori.

Kisha kuna maporomoko ya ardhi. Kibao kikisema *strada interrotta*, au ukiona neno *frana*, barabara imekatika mbele. Wenyeji wakati mwingine hupita hivyohivyo, wakati mwingine hakuna pa kupita kabisa. Kabla ya kuondoka kila asubuhi, ingia kwenye baa, agiza kahawa, taja mji unaokwenda na uulize kama barabara iko wazi: *La strada è aperta?* Wazee walioketi pale wanajua kuliko simu yako. Watajadiliana wao kwa wao, watachora kwa kidole juu ya meza, na mwisho watakubaliana. Wasikilize.

Kupanga muda

Usipange kwa kilomita, panga kwa mita za kupanda. Mtu mwenye mzigo mdogo hupanda kama mita 400 hadi 500 kwa saa bila kujiua. Kwa hiyo kila mita 100 za kupanda ni dakika 12 hadi 15. Chora njia yako kwenye programu ya ramani ya baiskeli, soma jumla ya kupanda, fanya hesabu hiyo, kisha ongeza muda wa tambarare, mteremko na chakula. Pakua ramani kwenye simu, maana kwenye makorongo mtandao hukatika.

Siku ya kwanza inafuata mgongo, ya pili inakata mto, ya tatu inafuata mgongo tena, ya nne inakata miwili ikishuka. Nimeipanga hivyo kwa makusudi.

Siku ya 1: Matera hadi Tricarico, kama kilomita 65

Matera inahitaji mchana mzima kabla ya safari. Makao yake ya mapangoni, Sassi, yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1993, na mji ulikuwa makao makuu ya utamaduni ya Ulaya mwaka 2019. Mwaka 2025 Giro d'Italia, mashindano makubwa ya baiskeli ya Italia, ilimaliza hatua moja hapa na Mads Pedersen wa Denmark akashinda.

Toka asubuhi mapema, kwa sababu sehemu ya kwanza hadi Miglionico ina magari ya kasi. Utashuka hadi ziwa la San Giuliano, bwawa lililojengwa kwenye mto Bradano, kisha utapanda Miglionico, mita 461. Sasa uko mgongoni, na umalizapo mlima huo kazi ngumu ya asubuhi imekwisha. Barabara inapita Grottole, halafu Grassano, halafu Tricarico iliyo karibu mita 700, kulia kwako bonde moja na kushoto jingine. Kula Grassano. Usivuke saa saba na nusu mchana bila kula, kwa sababu maduka hufungwa saa saba na hayafunguliwi hadi saa kumi na moja jioni, na jikoni za mikahawa nazo hufunga kama saa nane na nusu.

Tricarico ina mitaa miwili ya kale iitwayo Rabata na Saracena. Kesho Pietrapertosa utakutana na mtaa uitwao Arabata. Majina hayo yanahusishwa na Waislamu waliofika huku karne ya 9 na ya 10. Ukitembea kwenye vichochoro vya Rabata, kuta zikikaribiana mpaka mabega yanagusa pande zote mbili na bustani zikishuka kwa ngazi chini ya nyumba, aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe ataijua namna hiyo ya kujenga.

Siku ya 2: Tricarico hadi Pietrapertosa, kama kilomita 45

Siku fupi kwa umbali, nzito kwa miguu. Unapita Campomaggiore, ambayo mji wake wa zamani uliangushwa na mporomoko wa ardhi mwaka 1885; magofu yake yanastahili nusu saa. Halafu unateremka mpaka mto Basento.

Mteremko huu ndio wa kujifunzia. Shika usukani kwa chini, uzito uwe nyuma kidogo. Funga breki kabla ya kona, si ndani yake, kisha achia na uitazame njia ya kutokea, kwa maana baiskeli huenda macho yanakoelekea. Usishikilie breki mfululizo. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, ili rimu zisichemke. Tegemea kukutana na ufa wa lami, mavi ya kondoo na ng'ombe wa kijivu aina ya Podolica waliosimama katikati ya barabara bila haraka. Kama mvua ya kwanza imenyesha baada ya wiki za ukavu, lami huteleza; punguza mwendo nusu.

Ukishavuka mto, kunywa, kula kitu, jaza maji. Mbele yako kuna karibu mita 600 za kupanda hadi Pietrapertosa, mji wa juu kuliko yote Basilicata, mita 1,088. Dakika kumi za kwanza nenda polepole kuliko unavyotaka. Kipimo ni hiki: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati, punguza. Badilisha gia kabla mlima haujakaza, wakati cheni bado haijalemewa. Kila baada ya dakika kadhaa simama juu ya pedeli mara chache ili mgongo upumzike, halafu keti tena.

Kisha vilele vya mawe vya Dolomiti Lucane vinatokea, vimesimama wima kama meno ya msumeno, na mji umebanwa kati yake hata huwezi kusema nyumba inaishia wapi na jabali linaanzia wapi. Ng'ambo ya korongo unaona mji pacha, Castelmezzano. Kati ya miji hiyo kuna waya unaorusha watu angani, wanauita Volo dell'Angelo. Mimi ningekaa tu kwenye ukingo na kutazama jua linavyogeuza rangi ya mawe.

Siku ya 3: Pietrapertosa hadi Aliano, kama kilomita 70

Hii ndiyo siku nzuri kuliko zote. Kutoka Pietrapertosa hadi Accettura unapita msitu wa mialoni wa Gallipoli Cognato, kivuli karibu njia nzima na magari machache mno. Accettura hufungisha miti ndoa: siku za Pentekoste, mwaloni mrefu uliovutwa na ng'ombe kutoka msituni huunganishwa na kilele cha mholi, na mti huo mmoja husimamishwa katikati ya mji. Ukisafiri wiki hiyo, weka chumba mapema sana.

Mbwa ni suala la siku hii. Mbwa wakubwa weupe wa kuchungia kondoo hawakufukuzi kwa uchokozi, wanalinda mifugo. Usijaribu kuwashinda mbio kwenye mlima. Shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, ongea kwa sauti ya chini, tembea hadi uwe umewapita kondoo. Mchungaji akiwepo, msalimie kwanza. Mbwa wakisikia bwana wao anajibu, hutulia.

Baada ya Stigliano, mji ulio karibu mita 900, mandhari inageuka ghafla. Msitu unakwisha na unaingia kwenye *calanchi*, makorongo ya mfinyanzi mweupe yaliyochongwa na mvua. Jaza maji yote Stigliano, chupa mbili za mililita 750, na zaidi kama ni joto. Bomba za mjini ni salama, isipokuwa kibao kikisema *acqua non potabile*. Usidanganyike na njia za mkato za udongo: mvua ikinyesha, mfinyanzi hunata kwenye matairi hadi magurudumu yanagoma kuzunguka, na hapo utabeba baiskeli begani.

Aliano ndipo serikali ya kifashisti ilipomfungia Carlo Levi, daktari na mchoraji wa Torino, mwaka 1935 na 1936, baada ya kumweka kwanza Grassano uliyoipita juzi. Alipofariki mwaka 1975 alizikwa hapa, kwa watu aliowatibu. Nenda makaburini jioni. Kaburi ni la kawaida, na kutoka pale unaona makorongo yote.

Siku ya 4: Aliano hadi Metaponto, kama kilomita 90

Toka alfajiri. Unashuka bonde la Agri, kisha unapanda Craco, mji uliohamwa baada ya mporomoko wa mwaka 1963. Nyumba bado zimesimama juu ya jabali, madirisha matupu. Kuingia ndani ni kwa tiketi, pamoja na kiongozi na kofia ngumu, kwa hiyo vaa vile viatu vya kawaida. Kusini mwa njia hii kuna Montalbano Jonico, alikokulia Domenico Pozzovivo, mwendesha baiskeli mdogo wa umbo, hodari wa milima, aliyeshiriki Giro mara nyingi. Ukizitazama barabara hizi unaelewa mapafu yake yalitoka wapi.

Baada ya Craco unavuka Cavone na kupanda Pisticci, mlima wa mwisho wa safari. Mwaka 1688 sehemu ya mji ilianguka. Waliobaki wakajenga palepale, wakapaita Dirupo, safu za nyumba ndogo nyeupe zinazofanana. Kula hapa.

Neno moja kuhusu chakula kwa ndugu Waislamu: soseji ya huku, *lucanica*, ni ya nguruwe, na mafuta ya nguruwe, *strutto*, huweza kuwemo hata kwenye mikate na biskuti za chumvi. Uliza *c'è strutto?* Chaguo salama ni tambi kwa nyanya, kunde na dengu, jibini ya *caciocavallo*, na *peperoni cruschi*, pilipili tamu zilizokaushwa juani na kukaangwa hadi zikawa kama karatasi. Hizo za mwisho nazipenda kuliko nyama yoyote ya huku.

Kutoka Pisticci ni mteremko, halafu tambarare ya michungwa na stroberi hadi pwani. Upepo wa bahari huanza kuvuma mchana na utaupokea usoni, sababu nyingine ya kutoka alfajiri. Kabla ya kituo cha treni, pinda hadi Tavole Palatine, nguzo 15 zilizobaki za hekalu la Hera la Wagiriki, karne ya 6 kabla ya Kristo.

Kituo cha Metaponto kina treni za kwenda Taranto, na kutoka Taranto unafika Bari. Panda treni ya mkoa yenye alama ya baiskeli kwenye behewa, uliza dirishani kuhusu tiketi ya baiskeli, na uwe na mfuko mwepesi wa kuikunjia: baiskeli iliyofungwa mfukoni huhesabiwa kama mzigo wa mkononi. Kabla ya kupanda futa udongo wa Aliano kwenye fremu na cheni kwa kitambaa chenye maji, maana ukikauka siku mbili hautoki kwa urahisi.